Jina la Mtoto wa Tatu

Bibi kavaa shuka jeupe, akivuliwa analia. Watoto wa kijiji kile wote walilijua jibu la kitendawili hicho, ni theluji, lakini mwaka ule bibi aligoma kuvuliwa. Siku Zuura alipojifungua, theluji ilikuwa bado imekalia mapaa, ingawa watu walishasherehekea Nooruz, sikukuu ya mwaka mpya, wakapika, wakapongezana kwamba majira ya machipuko yameingia. Huku milimani machipuko hayaingii kama mgeni aliyealikwa. Huja mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, na yakirudi nyuma hubeba yalichokuta: kondoo waliodhoofu, farasi wazee, na watoto wachanga.

Sairakan, mama mkwe wa Zuura, aliyajua hayo tangu usichana wake. Ndiyo maana mkunga alipomwambia ni mtoto wa kike, mzima, sauti anayo, hakupiga kigelegele. Alisema tu, "Haya, tumemwona," kama mtu aliyeonyeshwa sufuria sokoni, akatoka kwenda kutazama kondoo waliokuwa wakizaa. Huko zizini, alipohakikisha hakuna anayemwona, alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Hakuwa na moyo mgumu. Alikuwa anaogopa. Nyumba ile ilishazika watoto wawili.

Wa kwanza walimpa jina la kupendeza, Gulbarchin, wakalitangaza kwa mbwembwe, wakachinja. Kikohozi kikamchukua machipuko yake ya kwanza. Alipozaliwa wa pili, mtoto wa kiume, Sairakan alisema safari hii hatufanyi ujinga. Nyumba iliyozika mtoto humpa anayefuata jina baya, ili kifo kikija mlangoni na kusikiliza nani anaitwa humo ndani, kidharau kiende zake. Akamwita Tezek. Tezek ni samadi, ile inayokaushwa na kupangwa ukutani, ikawashwa jikoni wakati wa baridi. Nani atapanda mlima kuja kuiba samadi? Zuura alipolisikia jina aliinamisha kichwa, akaendelea kumimina chai, maana huku mke wa mwana hambishii mama mkwe mbele za watu. Tezek naye hakuota hata jino. Machipuko yalimchukua, kwa kikohozi kilekile.

Sasa huyu wa tatu.

Jirani yao Burul, mwanamke mwenye nyumba iliyojaa watoto na mdomo usio na mlango, alikuja na bakuli la siagi akaketi karibu na jiko. Yeye mwanawe mmoja alimwita Mbwakoko, na Mbwakoko leo ni dereva wa trekta, ana tumbo. Alilifikiria jambo la Tezek kwa muda, kisha akatoa maoni yake.

"Mimi nakwambia, Sairakan, lile jina lilikuwa zuri mno. Samadi ina kazi. Watu wanaifunika isilowe mvua, wanaigombania. Safari hii tafuta kitu kisicho na kazi yoyote duniani."

"Kama ulimi wako," Sairakan akamjibu.

Walicheka kidogo, kicheko cha kujikaza. Lakini maneno yalimwingia. Mpaka Burul anaondoka, jina lilikuwa limeshapatikana: Tashtandi, yaani kilichotupwa jaani. Sairakan aliona hapo hapana cha kuiba. Zuura alikuwa nyuma ya pazia ananyonyesha, na nyumba ile haikuwa kubwa. Alisikia kila kitu.

Siku moja kabla ya karamu ya kumpa mtoto jina, Sairakan alikuwa anakaanga maandazi ya wageni. Zuura alimlaza mtoto kwenye susu, akavaa koti la mumewe, akasema anakwenda chooni. Hakurudi upesi. Sairakan alianza kukasirika, kisha akaanza kuogopa, maana mzazi ambaye siku zake hazijatimia hatakiwi kuzurura nje. Mlango ulipofunguka, Zuura alikuwa na matope mpaka magotini, midomo imekuwa ya buluu, na chini ya koti ameficha kitu kirefu. Alikitoa akakiegemeza karibu na jiko, mahali penye mwanga.

Ulikuwa ubao wa kaburi. Ulukman, mumewe, aliuandika mwenyewe mwaka uliopita, kwa rangi iliyobaki ya mlango.

"Nisomee, Mama," Zuura alisema.

Sairakan alimwambia amepatwa na wazimu. Wanawake hawaendi makaburini, na yeye kaenda na damu ya uzazi bado inamtoka, kisha kaja na kitu cha wafu kwenye nyumba yenye mtoto mchanga.

"Utanigombeza, nitakaa kimya kama siku zote. Lakini nisomee kwanza."

Sairakan hakusoma sana, ila hilo aliweza. Liliandikwa jina Tezek, na chini yake, mwana wa Ulukman.

"Njia ya malisho inapita palepale," Zuura alisema. Hakuinua sauti. "Kila mchungaji anayepita anasoma kwamba mimi nimezika samadi. Na alikuwa na mkono, Mama. Alikuwa akinishika kidole hiki, haachi mpaka asinzie. Lile jina halikumficha popote. Limekwenda kukaa naye tu kule."

Maandazi yalianza kuungua. Hakuna aliyeyageuza.

"Huyu namtaka Jazgul," Zuura alisema.

Jazgul ni ua la machipuko. Alieleza kwamba asubuhi uchungu ulipomshika alikuwa nyuma ya zizi, upande unaopigwa na jua, akaona ua la kwanza la mwaka. Lilikuwa limetoboa theluji, jembamba, limeinama, halijasaidiwa na mtu. Hakulichuma. Alishika ukuta wa zizi akalitazama mpaka maumivu yakapita.

Sairakan alikaa chini juu ya gogo la kuni. Alimwambia mkwewe kwamba machipuko ndiyo hayohayo yaliyowachukua wale wawili. Kumwita mtoto hivyo ni kumwita kwa jina la mwizi wake, tena kwa sauti, mlango wazi.

"Najua," Zuura akasema. "Akibaki, abaki nalo. Akienda, aende na jina ambalo nitaweza kulisoma."

Kisha akavua koti, akaosha matope, akageuza maandazi.

Kesho yake watu walikuja na baraka zao na vyakula vyao. Mzee Mambet, shehe wa kijiji, alimpakata mtoto, akamwadhinia sikioni, akainua uso kumwuliza Sairakan mtoto anaitwa nani, maana haki ya kutaja ilikuwa yake. Burul aliyejua jina alikuwa ameshajiandaa kuitikia. Sairakan alifungua mdomo, na Tashtandi lilikuwa pale juu ya ulimi, limekaa tayari kama mtu aliyekwisha kuvaa viatu. Alimtazama mkwewe. Zuura alikuwa mlangoni ameshika birika, anatazama sakafu.

"Jazgul," Sairakan alisema.

Shehe alilirudia sikioni mwa mtoto, mara ya pili na ya tatu. Wageni wakasema ni jina zuri, na uzuri ndio Sairakan aliokuwa akiukimbia. Burul alimwinamia akamnong'oneza, "Umefungua mlango, mwenzangu. Haya, tukae tuone nani ataingia."

Mwezi haujapita, wakaona. Theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka, mito imejaa, watu wameanza kuvua makoti. Ikanyesha mvua siku nzima, na jioni baridi ikarudi ghafla. Asubuhi mlima mzima ulikuwa umevaa barafu kama kioo. Kondoo walikwaruza kwa kwato wasifike kwenye nyasi, wakajikata miguu, wakalala. Ulukman alitoka alfajiri na kurudi jioni akiburuta wanakondoo waliokufa, akiwapanga nyuma ya nyumba kwa kuwa ardhi ilikuwa ngumu mno kuchimbika. Watu wa pale hutaja kitu hicho kwa sauti ya chini, jut, na hawakitaji mbele ya watoto.

Jazgul akaanza homa.

Haikuwa kikohozi safari hii. Alikuwa wa moto kama jiwe la jikoni, shingo imekakamaa, analia kilio chembamba cha paka. Muuguzi wa kijiji alikuja akiteleza kwenye barafu, akamchoma sindano aliyokuwa nayo, akasema huyu anatakiwa hospitali ya wilaya leo hii. Ulukman akakimbia kutafuta gari. Gari lilipatikana, njia ndiyo haikupatikana: poromoko la theluji na matope lilikuwa limefunga bonde, na waliokuwa wakilichimba walisema labda kesho kutwa.

Siku ya pili mchana mtoto aliacha kulia. Ndipo Zuura alipomjia mama mkwe wake kwa magoti. Yule mwanamke aliyekwenda makaburini peke yake alikuwa ameshika upindo wa gauni la Sairakan kwa mikono miwili.

"Mama, mwite Tashtandi. Simama mlangoni umwite kwa nguvu. Mwite jaa, mwite mbwa, mwite upendavyo. Nilikuwa na kiburi. Ni mimi nimemleta yule mwizi."

Sairakan alikuwa ameyangoja maneno yale tangu siku ya karamu. Katika homa hii yote jina lile baya lilikuwa likimwasha mdomoni, na mara mbili alikuwa amemeza mate kulirudisha. Sasa alikuwa ameruhusiwa. Na palepale, kutoka bandani, alisikia randa. Ulukman alikuwa anaranda ubao. Hakuwa amemwambia mtu. Baba wa watoto wawili marehemu hujifunza kutongoja mpaka saa yenyewe.

Alisikiliza ile randa, aliutazama ule ubao wa zamani uliokuwa bado nyuma ya jiko, akamtazama Zuura chini ya miguu yake. Akaona kitu ambacho ulimi wake ungeshindwa kukieleza lakini moyo ulikiona wazi. Kama akilibadilisha jina leo na mtoto akafa, huyu binti ataishi miaka yake yote akiamini kwamba alimuua mwanawe kwa ua.

Alikwenda mlangoni, akaufungua wote, baridi ikaingia. Akauelekea mlima akasema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe:

"Humu ndani yumo Jazgul, binti Ulukman. Jina nimempa mimi, Sairakan. Mwenye neno aseme na mimi."

Randa ikanyamaza.

Alifunga mlango, akamchukua mtoto, akaketi naye karibu na jiko, akaweka mdomo kwenye lile sikio dogo linalochoma. Jazgul, akasema. Jazgul. Alisema mpaka sauti ikakauka, akanywa chai, akaendelea. Zuura alilala sakafuni, kichwa kwenye paja lake. Njia ilipofunguka na gari kufika, mtoto alikuwa bado anapumua. Walimpeleka, wakakaa naye huko mpaka barafu ikayeyuka yote, wakarudi naye amebaki mifupa na macho, lakini yu hai.

Ubao alioranda Ulukman haukutupwa. Sairakan alimwagiza aende mjini anunue rangi mpya, isiwe masalio ya mlango, akamtajia jina jipya la kuandika kwa kaburi la Tezek: Nooruz, mwana wa Ulukman. Alimwambia Zuura baadaye, huku anakamua ng'ombe, kama anayetaja habari za hali ya hewa. Zuura aliinamia ndoo yake, mabega yakitikisika. Ubao wa zamani waliuchoma jikoni.

Kiangazi walipanda malishoni, wakasimamisha hema la sufu, kondoo wachache waliosalia wakatawanyika juu ya majani. Sairakan alipenda kumkalisha mjukuu mlangoni pa hema na kumtegea vitendawili ambavyo mtoto wa umri ule hawezi kuvijua. Kitu gani ni chako, lakini wenzako hukitumia kuliko wewe? Jina, mjukuu wangu. Jazgul. Mtoto alikuwa akitazama mawingu.

Siku moja mwishoni mwa kiangazi ndoo ya bati ilimponyoka Sairakan, ikaanguka juu ya mawe nyuma ya mtoto, kelele zikafika bonde la pili, mbwa wakabweka. Jazgul hakugeuka. Sairakan aliiokota ndoo. Akasimama palepale nyuma yake, akaipiga kwa mwiko, taratibu kwanza, kisha kwa nguvu. Mtoto aliendelea kung'oa majani na kuyatazama.

Siri hiyo aliibeba siku kadhaa. Hakula vizuri, alimimina chai nje ya bakuli. Homa ilikuwa imemrudisha mtoto, lakini haikumrudisha kamili. Lile jina walilogombania, alilolisema mpaka koo likakauka, limeingia kwenye sikio ambalo huenda lilikuwa tayari limekufa. Alifikiria pia, na wazo hilo lilimwuma kuliko yote, kwamba kifo kilifika kweli, kikaambiwa jina mlangoni, na kwa kuwa hakikupewa mtoto kikachukua kilichoweza kubebeka.

Mwishowe alimwita mkwewe nyuma ya hema amwambie. Hakupata pa kuanzia.

"Hasikii," Zuura alisema, kumpunguzia kazi. "Nilijua tangu hospitali, Mama. Niliogopa kukwambia. Ulimwita siku zile mpaka ukatema damu."

Farasi alikuwa anafyeka majani kwa meno, karibu kabisa.

Kisha Zuura alikwenda akachuchumaa mbele ya mtoto. Akanyoosha mkono uliofumbwa, akangoja mpaka Jazgul amwone, akaufungua polepole kama ua linalochanua, kidole kimoja baada ya kingine, kuanzia kile ambacho Tezek alikuwa akikishika. Mtoto aliacha majani. Alicheka kwa sauti yake ya ajabu isiyojisikia, akajinyoosha kuelekea ule mkono.

"Hilo ndilo jina lake," Zuura alisema. "Akiliona anaitika."

Sairakan alichuchumaa kwa shida kando yake, akafumba mkono wake. Baridi yabisi ilikuwa imemlia viungo miaka mingi, vidole viwili havikunyooka vizuri na kimoja hakikunyooka kabisa. Ua lake lilitoka bovu. Jazgul alilitazama lote mpaka likaisha, kisha akabaki amekodoa macho, akingoja alisome tena.