Vidole vya Ntwali

Mashine ya alama za vidole ilinikataa tena, na afisa wa uhamiaji akanishika mkono kwa ncha za kucha kana kwamba nimetoka chooni. Nilimwonea kinyaa. Kazi ya kuosha wazee huko Coon Rapids, hapa Marekani, imenifuta alama za vidole, na bila alama hizo hatumpati Héritière, mtoto wa kuasili tunayemsubiri kutoka Goma mwaka wa nne sasa.

Mume wangu Ntwali akanikataza kugusa maji nyumbani ili alama zirudi. Miezi miwili akafua, akaosha vyombo, akasugua choo. Wanaume wa kanisani wakamcheka.

Jana tulirudi kwa afisa yule. Vidole vyangu vikapita. Ntwali naye akaweka vyake, maana safari hii walichukua upya za wote wawili; vimepasuka kwa sabuni, mashine ikavikataa. Afisa akanyoosha zile kucha zake.

“Usimguse,” nikamwambia.