Wifi wa Bure

Mwanangu wa mwisho tunamwita Najua. Hilo si jina alilopewa alipozaliwa. Ni neno la kwanza alilolitamka sawasawa, na hajaliacha mpaka leo. Ukimwambia sufuria ni ya moto, anajua. Akishaungua, alikuwa anajua pia, ila alitaka kuhakikisha.

Kampuni yake inauza na kutengeneza mashine za fotokopi. Mwaka huu ikamchagua aende nje ya nchi kwa mafunzo ya wiki mbili. Hakuwahi kupanda ndege, lakini ndege nazo alikuwa anazijua. Jioni moja kabla ya safari akatuita sebuleni, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, anayekaa nyumba ya pili kutoka hapa. Akasimama mbele ya televisheni, mikono nyuma, kama mwalimu mkuu siku ya kufunga shule.

"Wezi wa siku hizi hawavunji mlango," akaanza. "Wanaingilia kwenye simu. Na msafiri ndiye chakula chao. Kwa hiyo sheria ya kwanza: ukiwa ugenini, usiunganishe simu na wifi ya bure."

Wifi yangu alikuwa anashona kifungo cha blauzi. Akainua kichwa.

"Umesemaje juu yangu?"

"Si wewe, shangazi. Wifi ya simu. Mtandao."

"Wa bure?"

"Ndiyo."

"Basi kweli si mimi," akasema, akaendelea kushona.

Alisema kweli. Tangu niolewe katika ukoo huo, wifi huyu hajanipa hata chumvi bila kunikumbusha kwamba ile ya mwezi jana sijairudisha. Lakini mume wangu alipougua, ndiye aliyekuwa akija alfajiri kunipokea zamu ili nilale. Hilo hajanikumbusha hata mara moja.

Najua akaendelea na sheria zake. Usitangaze safari yako mtandaoni, maana unawaambia wezi nyumba yako haina mtu. Usipige picha tiketi ukaionesha watu. Ukifika, nunua laini ya huko. Weka namba ya pili ya siri kwenye simu, ili mtu akiiba ya kwanza agonge ukuta. Na kubwa kuliko yote: ukitumiwa namba sita kwenye simu yako, usimpe mtu yeyote.

"Hata wewe?" nikamuuliza.

"Hata mimi, Mama. Mwenye hizo namba anaihamisha akaunti yako yote kwenda kwake. Wewe unabaki nje kama mpangaji aliyefukuzwa. Anaweza kufuta chochote."

Hapo nikaishika simu. Simu yangu mimi ina kazi moja tu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa, na kila alipofika mahali alinitumia ujumbe wa sauti. Si maneno mengi. "Bi Mkubwa, nimefika. Nimekula. Lala." Basi. Ninazo zote humo. Nyingine zina mlio wa injini inayopoa, nyingine zina kikohozi chake. Kila ninapoamka nasikiliza moja kabla ya chai.

"Sauti za baba yako zitafutika?" nikauliza.

"Nitakuhamishia mahali salama. Nikirudi."

"Na ile namba ya pili ya siri?"

"Nayo nikirudi, Mama. Najua."

Asubuhi akaondoka. Hata kabla gari halijafika uwanja wa ndege, grupu la familia lilikuwa limejaa. Picha ya sanduku. Picha ya tiketi, imenyooka, jina lake lote linasomeka. Picha yake na miwani ya jua, ndani, ambako jua halifiki. Chini yake ameandika: "Safarini wiki mbili, chumba changu nimekiachia Mungu." Na hayo hayakuishia kwenye grupu letu. Aliyaweka na kule ambako dunia nzima inapita. Nadhani sheria zile zilikuwa za sisi tunaobaki.

Kesho yake nikamwandikia: "Mwanangu umefika salama?"

Sasa mjue jinsi Najua anavyoniandikia siku zote. Ananiandikia "poa". Akiwa na furaha sana, "poa poa". Siku niliyomwambia nimeanguka bafuni alijibu "duh", kisha, kusema haki, akaja mbio na dawa ya kuchua, akanichua mwenyewe mpaka nikasinzia. Upendo anao. Maneno ndiyo hana.

Lakini siku ile jibu likaja hivi: "Shikamoo mama yangu mpendwa. Nimefika salama, namshukuru Mungu na maombi yako. Wewe hujambo? Afya yako inaendeleaje?"

Nikavaa miwani nikasoma tena. Kweli, tembea uone! Mtoto kalala usiku mmoja tu ugenini na keshapata adabu. Nikajuta sikumpeleka mapema.

Nikamjibu kwamba sijambo, ila magoti yananisumbua. Akasema pole sana mama, usibebe maji, mwambie mtu akusaidie. Nikamwambia habari za bomba linalovuja, na za paka wa jirani, na za shangazi yake. Yote akasoma, yote akajibu. Siku iliyofuata, kabla sijaandika chochote, yeye mwenyewe akauliza: "Mama yangu, magoti yanaendeleaje leo?"

Nilikaa na simu hiyo mapajani kitambo kirefu. Unalea watoto, unawauguza, unawasomesha, na hakuna hata mmoja anayekumbuka leo ulichomwambia jana. Huyu akakumbuka. Nikamwambia wifi yangu tulipokutana kwenye kamba ya nguo. Akatia kibanio mdomoni, akanitazama, hakusema kitu. Kwa wifi yangu, kutosema kitu ni ugonjwa.

Siku ya tatu mchana ujumbe ukaja nikiwa jikoni. "Mama yangu, samahani sana kukusumbua. Kuna namba sita nimezituma kwenye simu yako kwa bahati mbaya. Tafadhali naomba unitumie, nimekwama. Samahani tena mama."

Na kweli, namba sita zilikuwa zimeingia.

Niseme nilikumbuka sheria? Nilikumbuka. Lakini mimi ni mama, na mtoto amekwama, tena ameomba vizuri. Nikajiambia sheria ile ilikuwa ya watu wabaya. Nikaketi kwenye stuli, nikaanza kuandika, kidole kimoja, polepole kama kawaida yangu. Nilishaandika tatu wifi yangu alipoingia kudai kibanio chake cha nguo.

"Unamwandikia nani na uso umelainika hivyo?"

"Mwanao. Amekwama, anaomba namba."

"Anaomba?"

"Anaomba vizuri sana. Sikiliza." Nikamsomea.

Wifi yangu akaweka mkono kwenye meza. "Rudia pale mwanzo."

"Samahani sana kukusumbua."

"Wifi, acha kuandika."

"Kwa nini?"

"Acha, nimesema!" Akaninyang'anya simu, akaiinua juu nisiifikie. "Mtoto huyu nimembeba mgongoni. Amevunja vioo vyangu vya dirisha mara mbili. Amenichomea kitenge kwa pasi. Siku gani umesikia limetoka neno samahani kinywani mwake?"

Nikafikiri. Nikafikiri kweli, maana nilitaka kumtetea.

"Labda safari imembadilisha," nikasema.

"Safari inabadilisha nguo, haibadilishi mtu. Samahani mbili, tafadhali moja, naomba moja. Wifi, huyo si wetu! Huyo kalelewa."

"Na magoti yangu? Aliuliza magoti yangu."

Hapo sauti yake ikapungua. "Mwizi ana kazi gani nyingine?" akasema. "Lazima aulize. Sisi ndio tusiouliza."

Akanirudishia simu, nikazifuta zile tarakimu tatu, tukamtega. Wifi yangu akasema maneno, mimi nikaandika, kwa sababu yeye ana mdomo na mimi nina miwani: "Mwanangu, kabla sijakutumia, nikumbushe, baba yako alikuwa akikuitaje ulipokuwa mdogo?"

Najua alipokuwa mchanga alilia mpaka majirani wakahama upande wa pili wa barabara. Baba yake alimwita Honi. Jina hilo halijaandikwa popote. Liko vichwani mwetu watatu tu, na mwenyewe amekataza lisitajwe mbele za watu.

Jibu likachelewa, kisha: "Mama yangu mpendwa, alikuwa akiniita kipenzi changu. Tafadhali nina haraka."

Wifi yangu alicheka mpaka akashika friji. Kaka yake, dereva wa lori, kumwita mtu kipenzi changu! Nikaandika: "Si hilo." Mtu yule akaomba tena. Nikaandika: "Si hilo." Akaomba mara ya tatu. Mwishoni akaandika: "We bibi mjinga, leta namba nisikupotezee muda."

"Ona sasa," akasema wifi yangu, "ndiyo kwanza ameanza kufanana na Najua."

Yeye alicheka. Mimi nilifungua sauti ya mume wangu, iliyo juu kabisa. "Bi Mkubwa, nimefika." Ilikuwepo. Wifi yangu akaacha kucheka, akasogeza stuli karibu. Tukaisikiliza wote wawili. Kisha, bila kuniambia, akaandika kwenye grupu la familia kwa simu yake: asiyetaka kuibiwa asimjibu Najua mpaka atakapokuwa na adabu mbaya kama kawaida.

Jioni simu ikaita. Namba ndefu, ya kigeni. Mimi sikuthubutu, akapokea yeye, akaweka sauti kubwa.

"Mama! Msitume kitu chochote! Msi..."

Hakuna shikamoo, hakuna habari za huko. Machozi yakanitoka. Sauti ilikuwa yake kabisa, na mwenendo ulikuwa wake zaidi.

Lakini wifi yangu hakulegea. "Baba yako alikuwa akikuitaje?"

"Shangazi, huu si wakati wa mchezo, nimeibiwa akaunti!"

"Jibu au nikate."

"Kuna watu hapa, shangazi."

"Nakata."

Kisha taratibu, kama mtu anayekiri polisi: "Honi."

"Sikusikia."

"HONI!" Ikasikika huko ugenini kote, na nyuma yake sauti ya mwanamke ikicheka.

Kumbe siku aliyofika, akisubiri sanduku lake uwanjani, aliona mtandao wenye jina la uwanja na neno bure. Ukamtaka namba ya simu, akaweka. Ukamwambia kuna namba sita zimeingia kwenye simu yake, aziandike hapo ili afunguliwe. Akaandika. Akatolewa kwenye akaunti yake palepale. Akajua ni hitilafu ya mtandao. Laini ya huko hakununua, kwani wifi si ipo kila mahali? Siku zote hizo alitembea na simu isiyopokea ujumbe wetu, akidhani tumemsusa, mpaka bosi wake alipompigia simu ya hotelini kumuuliza kwa nini anawaomba wateja namba sita kwa unyenyekevu mkubwa namna ile.

"Sasa unapiga kwa simu ya nani?" nikauliza.

"Ya dada anayesafisha vyumba. Aliniona nimekaa kwenye ngazi, akanipa tu."

"Mpe niongee naye."

"Mama, hamtaelewana lugha."

"Mpe."

Akampa. Nikasema asante mwanangu, asante sana, Mungu akubariki. Naye akasema yake, sijui nini, kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi lakini hana haraka na wewe. Tulielewana vizuri tu.

Najua aliporudi kwenye simu, wifi yangu akamalizia: "Wifi ya bure! Mjinga we, mimi ni wifi wa mama yako tangu hujazaliwa. Umewahi kuona cha bure hapa?"

Hakusema anajua. Ilikuwa mara ya kwanza.

Akaunti yake aliirudisha baada ya kuhangaika siku kadhaa na laini yake ya nyumbani, safari hii mtandao akiutoa kwenye laini ya huko aliyoinunua. Namba ya pili ya siri akaiweka kwake, na yangu akanielekeza kwa simu, hatua moja baada ya nyingine, na nilipokosea hakugomba. Picha hatukuziona tena. Mafunzo aliyapata, au nadhani aliyapata, kwa kuwa grupu lilinyamaza.

Siku ya kurudi nilikuwa najaza themosi ujumbe ulipoingia, kwa jina lake: "Shikamoo mama. Magoti yanaendeleaje?"

Nikapiga kelele. Wifi yangu akaja mbio na sabuni mikononi.

"Nini?"

"Ameuliza magoti!"

"Kaibiwa tena!" akasema. "Usiguse kitu! Muulize jina!"

Kabla sijaandika, ikaingia sauti. Tukatazamana. Nikaibonyeza. Mwanzoni kelele za uwanja, magurudumu ya masanduku, kisha akakohoa kidogo kama baba yake.

"Ni mimi. Honi. Msianze." Sanduku lake likakwaruza sakafu. "Bi Mkubwa, nimefika. Nimekula."

Sikujua kama alikuwa anakumbuka maneno yale. Sauti za baba yake hatukuwahi kuzisikiliza pamoja.

Wifi yangu akajifuta sabuni kwenye gauni, akageukia dirisha, akasema bomba langu bado linavuja na ni aibu. Nikamwacha na dirisha lake. Kisha nikamwomba anioneshe namna ya kuiweka sauti hii pamoja na zile nyingine, isipotee.

"Nitakuonesha," akasema, akavuta stuli. "Leta chai kwanza. Na kibanio changu cha nguo."