Birika la Lori na Chai ya Posa

Kaka yangu Barnaba aliendesha malori ya Zambia miaka mingi. Alipostaafu alirudi kijijini kwetu Iyula na vitu viwili: mgongo mbovu na birika la umeme la kwenye lori. Mgongo anaulalamikia, birika analisifia. Nimesikia sifa za birika hilo mpaka nikalichukia.

Siku ya posa ya binti yake Tumpe, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zikalowa, na gesi ikaishia kwenye pilau kabla hatujachemsha chai. Kwa wengine hilo si jambo. Kwetu ni jambo kubwa, maana ukoo wetu haumkatai mtu kwa mdomo. Washenga wakija wanapewa chai kwanza. Ikiwaunguza, wamekubaliwa. Ikiwa vuguvugu, wanashukuru, wanachukua miavuli yao na kurudi walikotoka. Tena mama yetu, Bibi Rozi, alishatuonya: chai ya posa haichemshwi kwa moto wa jirani.

"Msihangaike," akasema Barnaba. "Birika langu lipo."

Akalibana kwa nyaya kwenye betri ya sola. Tukangoja. Nikatia kidole: maji yamepoteza ubaridi, basi.

"Linachelewa tu, Loisi," akasema. "Kwenye lori lilipata volti ishirini na nne, betri hii ina kumi na mbili. Nusu ya volti, nusu ya nguvu. Tutangoja mara mbili. Haraka haraka haina baraka."

Hapo tukasikia Fuso ikipanda kilima. Wageni hao, wametoka Ruanda, si ile nchi bali kijiji cha wilayani kwetu, kumposea kijana wao Lwitiko. Mshenga wao alikuwa mzee Yonasi, baba mdogo wa Lwitiko, mtu mrefu asiyecheka ovyo. Nikamkaribisha sebuleni na mwenzake. Wakakaa, macho kwenye mlango wa jikoni.

Nikakimbilia chumba cha nyuma. Tumpe alikuwa humo, kwa kuwa mwari haonekani mpaka aitwe. Huyu ni fundi wa sola kule Tunduma, hana woga wa umeme wala wa wanaume, lakini siku hiyo alikuwa anauma kucha. Anampenda Lwitiko kweli kweli. Nilimwonea huruma.

Nilipomweleza, akauliza, "Chini ya birika pameandikwa nini, shangazi?"

Nikaenda nikaliinamisha, maji yakanimwagikia mguuni. Hayakuniunguza hata kidogo, nikazidi kuogopa.

"Volti ishirini na nne, ampea kumi," nikamwambia.

"Ishirini na nne gawanya kwa kumi. Ukinzani wake, yaani linavyoubania umeme, ni omu mbili nukta nne, na huo umo ndani ya birika, linahama nao popote. Sasa baba kaliunga kwenye volti kumi na mbili. Gawanya kwa mbili nukta nne, zinapita ampea tano tu. Nguvu ni volti mara ampea. Kwenye lori ni wati mia mbili arobaini. Hapa ni kumi na mbili mara tano, wati sitini."

"Kumbe si nusu?"

"Ni robo, shangazi. Volti zimepungua nusu, na ampea nazo zimepungua nusu. Wati sitini kwa baridi hii zinaishia hewani. Hayo maji hayachemki leo." Akauma ukucha mwingine. "Ningekuwa na betri ya pili ningeziunganisha zifuatane, zikatoa ishirini na nne." Akaacha kuuma kucha. "Wamekuja na gari gani?"

"Fuso."

Akanishika mkono. "Fuso ina betri mbili, shangazi, na zimefuatana hivyo hivyo."

Barnaba aligoma. "Nikaombe moto kwa wakwe?"

"Uliokatazwa ni moto wa jirani," nikamjibu. "Hawa wanatoka Ruanda. Jirani yako tangu lini? Toka hapa, binti yako analia."

Akatoka na birika chini ya mwavuli, akamnong'oneza dereva wao. Mimi nikarudi sebuleni kuwashika wageni kwa maneno. Nikawasimulia maua ya kahawa ya mwaka huu. Yakaisha, nikaanza ya mwaka jana. Nilipofika kwenye wadudu, mzee Yonasi akasimama.

"Nimesahau blanketi tulilomletea bibi kwenye gari," akasema, na kabla sijapata uongo wa kumzuia akawa nje.

Nikamfuata mbio. Barnaba alikuwa amechuchumaa kwenye tope, nyaya mbili zimetoka kwenye betri za Fuso, birika limeanza kutoa mvuke.

"Nini hiki, mzee mwenzangu?"

Barnaba akainama, akajifanya anakaza waya.

"Ni chai yenu," nikasema mimi. Aibu ilinijaa mpaka masikioni.

Mzee Yonasi akatazama nyaya, akatazama birika. Desturi yetu aliijua, maana wilaya nzima inaijua. Akauchukua mwavuli mkononi mwa Barnaba, mvua ikamnyeshea kichwani, akalifunika birika. Tukasimama hivyo watatu mpaka maji yakatokota.

Bibi Rozi akamimina mwenyewe. Mzee Yonasi akapokea kikombe na kupiga funda kubwa, kubwa kuliko ilivyohitajika. Machozi yakamlengalenga.

"Imeniunguza, mama," akasema.

"Haya," akajibu Bibi Rozi. "Mwiteni Tumpe."

Niligeuka kumwita, nikamkuta ameshafika mlangoni.