Nafasi ya Mshono

Fundi cherehani alikuwa na kanuni moja: kitambaa hakikatwi sawasawa na kipimo. Lazima kibaki kidogo pembeni, nafasi ya mshono. Kanuni hiyo ilimlisha miaka thelathini. Asubuhi ile, kliniki, ilikaribia kumponza.

Mwaka uliopita mwili wake uliacha kutengeneza homoni ya kiume ya kutosha, akawa anasinzia kipaji cha uso kikiwa juu ya cherehani. Alipoanzishiwa sindano za homoni, akarudi kuwa mtu; hata mluzi akapiga. Ila dawa ile ilimzidishia seli nyekundu, damu ikawa nzito. Daktari alishampa onyo la mwisho: kipimo cha uzito wa damu kikivuka tena asilimia hamsini na nne, sindano zinasimamishwa.

Sasa yeye na mkewe walikuwa kwenye benchi wakisubiri majibu, midomo yake ikichezacheza.

"Unaomba nini?" mkewe akamwuliza.

"Damu iwe nyepesi."

"Omba na masikio yawe mepesi. Maji umekunywa?"

"Glasi nne."

"Baba Watoto! Na uko kwenye maombi!"

"Mbili," akakiri, akaomba na msamaha hapohapo.

Muuguzi akatoka na karatasi. "Hamsini na sita. Mzee wangu, tulikutoa damu, tukapunguza dozi iwe nusu mililita kwa wiki. Mbona inaumuka kama unga wenye hamira?"

"Najichoma nyumbani vilevile mlivyosema, dada."

"Hebu nionyeshe."

Akampa bomba jipya la sindano na kichupa cha maji. Fundi akavaa miwani, akaliinua kwenye mwanga kama anayetunga uzi. Akavuta mpaka nusu. Kisha kidole gumba, bila kuulizwa, kikavuta vimistari viwili zaidi.

"Hivyo viwili vya nini?"

"Hivyo? Vya mshono."

Mkewe akajificha uso nyuma ya mkoba, mabega yakitikisika.

"Huwezi kukata sawasawa," Fundi akaeleza kwa upole. "Ikimwagika je? Ikinywea?"

"Baba Watoto, wewe si suruali!"

Hakucheka. Alikuwa akiliona cherehani lake, na kipaji chake juu yake. "Basi ndiyo mnanisimamishia?"

Muuguzi akamwita daktari. Daktari akatazama bomba, akatazama karatasi, akakuna kidevu. "Kwa kuwa chanzo kimejulikana, leo tunatoa damu tena. Wiki hii usichome. Baada ya hapo nusu, na nusu ni nusu. Ukirudi mwezi ujao umevuka, nasimamisha kweli."

"Dozi nitapima mimi," mkewe akasema.

Akapima kila Jumapili baada ya ibada, kichupa akikitunza yeye.

"Ongeza nukta moja tu, Mama Watoto."

"Geuka huko."

Maji nayo alimwekea chupa mbili kando ya cherehani, na jioni alizikagua kama mwalimu anayekagua madaftari.

Mwezi ulipotimia wakarudi benchi lilelile. Safari hii hata mkewe alikuwa amefumba macho. Muuguzi akatoka akitabasamu.

"Hamsini na moja. Sindano zinaendelea."

Fundi akainamisha kichwa, akashukuru kimyakimya kwa muda mrefu. Kisha akahesabu kwa vidole.

"Pungufu tatu kabla ya mpaka," akamnong'oneza mkewe. "Unaona? Hiyo sasa ndiyo nafasi ya mshono."

"Kunywa maji," mkewe akajibu, akimpa chupa.