Marahaba ya Yakobo

Sabina alikuwa akiopoa maandazi ya karai la pili wakati spika iliyo juu ya mlango wa banda la video ilipokohoa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida pale Igogo. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa walioanikwa, na wateja watatu wa kila siku walikuwa wamekwisha kaa kwenye benchi lao mbele ya banda, kila mmoja na kikombe chake cha chai. Spika yenyewe ilikuwa ya honi, ile yenye mdomo mpana kama ua la boga. Waya zake zilibebwa na wezi wa shaba miaka mingi iliyopita, umeme wa banda ulishakatwa, na ndani yake mbayuwayu wawili walikuwa wamejenga. Ilikohoa, mbayuwayu wakatoka, kisha ikasema kwa sauti ya Yakobo:

"Anasema zamani raha ilikuwa raha. Anachomaanisha ni hiki: zamani magoti yake yalikuwa hayamuumi."

Aliyesema kwamba zamani raha ilikuwa raha ni Luhende, mwenye banda. Alitazama juu, akahakikisha kwamba ni spika yake, akarudi kwenye chai.

"Sukari, Mama Evelina," alisema. "Leo umeibania."

Sabina ndiye Mama Evelina. Yakobo ni mumewe, na wakati huo alikuwa ameketi nyuma ya benchi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akisuuza vikombe. Hakuwa amesema neno. Hakuwa amesema neno lolote tangu madaktari walipomtoa uvimbe kooni, wakaitoa na sauti pamoja nao. Sasa alipumua kwa tundu la shingoni, na juu ya tundu hilo alifunga kitambaa chepesi. Vitambaa hivyo alishonewa na Ishrat, fundi cherehani wa duka la pili, kutokana na vipande vilivyobaki vya wateja. Ishrat hakuwahi kusema kwamba anafanya jambo. Alivikunja tu na kuviweka chini ya sahani ya maandazi.

Sabina alipunguza moto, kwa sababu mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi, kisha akamtazama mumewe. Yakobo alikuwa ameinua uso, kikombe mkononi, kama mtu aliyesikia ng'ombe wake akilia katika zizi la jirani.

Kabla ya ugonjwa, yeye ndiye aliyekuwa sauti ya banda lile. Zilikuja filamu za Kihindi, za Kichina na za Kizungu, naye aliketi kwenye kona na maikrofoni iliyozungushiwa utepe mweusi, akawatafsiria watu. "Anasema hivi," alianza, na banda zima likanyamaza. Kihindi hakujua, Kichina hakujua, na Kizungu alijua cha kuombea maji. Kanubhai, aliyekielewa Kihindi na ambaye familia yake iliwahi kuwa na jumba la sinema mjini, alijua tangu siku ya kwanza kwamba Yakobo anatunga, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko filamu zenyewe. Mama wa kwenye filamu alipomlaani mwanawe, Yakobo aliwaambia watu: anasema rudi nyumbani mwanangu, chakula chako nimekifunika. Mlinzi mmoja aliposikia hivyo alitoka bandani, akavuka kwenda Sengerema kumwona mama yake, ambaye alikuwa hajamwona tangu ajiandikishe kazi. Sabina alilijua hilo kwa sababu yule mama baadaye alimletea Yakobo kuku.

Hayo yalikuwa ya zamani. Wale watatu waliyapenda mambo ya zamani. Walikuja kila asubuhi kuyahuzunikia, na walihuzunika vizuri, kama watu wenye mazoezi.

"Siku hizi hakuna burudani," Luhende aliendelea. "Nyumba ina watu sita, kila mmoja kainamia simu yake kama kuku anayedonoa. Huyu anacheka, huyu analia, hakuna anayejua mwenzake kaona nini."

"Na vipande vyenyewe vifupi," alisema Odeta. Odeta alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na enzi za banda alisimama nje na kutazama kupitia tundu la bati, maana mwalimu hakutakiwa kuonekana mahali kama pale. "Mtu anacheka kabla hajajua anacheka nini. Mimi siviwezi."

"Anasema yeye haviwezi," ilisema spika. "Anachomaanisha ni hiki: jana alitazama vile vya paka mpaka simu ikamwangukia puani."

Odeta aligusa pua yake. Alama ilikuwepo.

"Wale paka wana akili," alisema. "Nimefundisha watoto wasiowafikia."

Kanubhai alikohoa kidogo, akachovya andazi. "Mimi ninachokumbuka ni umoja. Mhindi, Msukuma, Mkerewe, wote ndani ya sinema moja, wote tunalia. Tulikuwa familia."

"Anasema tulikuwa familia. Anachomaanisha ni hiki: sisi tulilia juu kwenye viti vya sponji, ninyi mlilia chini kwenye mbao."

"Lakini mlilia," alisema Kanubhai. "Hata huko chini mlilia vizuri sana."

Luhende alipiga goti lake kwa kicheko, goti likamuuma. Alipopata nafuu aligeukia habari ya vijana. Alisema kizazi hiki kimeoza, hakina hadithi wala subira, kinajua kubeti tu. Spika ikasema kwamba anachomaanisha ni kuwa mkeka wake wa jana umechanika kwa goli la dakika ya mwisho.

"Ilikuwa ofsaidi," alisema Luhende.

Ndivyo asubuhi zilivyoanza kwenda. Watu wa Igogo waliizoea spika upesi. Mbayuwayu nao walizoea. Walisubiri imalize sentensi ndipo wakaingia na wadudu wao. Kama mtu hakutaka kutafsiriwa alinyamaza akipita mbele ya banda, na ukweli ni kwamba kipande kile cha barabara kilipata utulivu.

Wale watatu hawakunyamaza. Kilichowapendeza zaidi ni kumkumbuka Yakobo.

"Yakobo, bwana," Luhende alisema siku moja, akipokea kikombe kutoka kwa Yakobo bila kugeuka. "Hakuna tena mtu kama yule."

"Alikuwa mtu," alisema Kanubhai.

"Alikuwa na sauti inayokushika mkono," alisema Odeta. "Kama hii."

"Alipolazwa nilimwombea sana," alisema Luhende. "Kila siku nilikuwa naye kwa roho."

"Anasema alikuwa naye kwa roho," ilisema spika. "Anachomaanisha ni hiki: alifika getini na chungwa mkononi, akaona foleni, akalimenya chungwa, akalila, akaenda zake kula sangara."

Luhende alikitazama kikombe chake. Kisha Kanubhai akacheka mpaka akatoa leso.

"Unamsikia! Bado anatunga!"

"Yule yule," alisema Luhende, naye akicheka. "Chungwa! Anatoa wapi vitu kama hivi? Ndiyo maana nakwambia, vijana wa sasa hawawezi."

Yakobo alikuwa mkubwa kwa wote watatu, na zamani wote walimwamkia. Waliacha alipotoka hospitali. Hawakukubaliana kuacha. Ni kwamba mtu akisema shikamoo hungoja marahaba, na marahaba ya Yakobo haikuja, na kuingoja kuliwatia aibu. Basi wakaanza kumsalimia Sabina peke yake, kisha wakakaa kwenye benchi ambalo, kwa bahati, lilitazama upande mwingine. Ishrat ndiye aliyeendelea. Kila asubuhi alisimama mbele ya ile ndoo, akasema, "Shikamoo, mzee," akangoja Yakobo ainue mkono, kisha akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo, kwa niaba yake, akaenda kufungua duka.

Sabina hakutaka makuu. Alitaka wale watatu wageuke, wamwamkie mumewe mara moja, machoni, kama mtu aliye hai. Yakobo hakuwahi kumwambia kwamba jambo hilo linamuuma. Lakini kila wale watatu walipokuja, aliviacha vikombe na kuukausha mkono wake wa kulia kwenye suruali, tayari. Wakishakaa aliurudisha majini.

Jioni wale watatu walipokwenda kwao, Sabina alifunika mkaa kwa majivu.

"Umechoka?" alimuuliza mumewe.

"Anasema umechoka," ilisema spika. "Anachomaanisha ni hicho hicho."

Sabina alijipangusa majivu mikononi.

"Tuingie ndani. Upepo huu si mzuri kwa shingo yako."

"Anasema tuingie ndani, upepo si mzuri kwa shingo. Anachomaanisha ni hicho hicho."

Hawakuingia. Sabina alisema unga wa safari hii ni mzuri. Alisema Evelina kapiga simu, watoto wazima. Alisema maneno mengine yasiyo na kazi, moja baada ya jingine, na sauti ya mumewe ikayarudia yote na kusema kwamba anachomaanisha ni hicho hicho. Yakobo alisikiliza ameinamisha kichwa, na mkono wake ulikuwa juu ya goti la mkewe.

Mwezi haukuisha kabla Luhende hajaja na habari. Banda limepata mpangaji. Litakuwa duka la kubeti, lenye runinga ukuta mzima.

"Si ulisema kubeti kumeozesha kizazi?" aliuliza Odeta.

"Kimeshaoza, Mwalimu. Mimi nawapa tu pa kukaa. Lakini spika siwaachii. Naipeleka grosari kwangu Nyakato. Kila Jumapili mchana, nyama, vinywaji, na Yakobo hewani. Jumapili ya Zilipendwa."

"Jina zuri," alisema Odeta. "Kauli ya kutendwa, wakati uliopita. Zilipendwa, basi, zikaisha."

"Anasema zilipendwa zikaisha," ilisema spika. "Anachomaanisha ni hicho hicho."

Hapo Sabina aliweka chini mwiko wake. Alizunguka meza akasimama mbele ya benchi, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Luhende, spika ni yako na banda ni lako," alisema. "Sina neno. Lakini kabla hujaiteremsha, mpe mwenzako shikamoo yake. Wewe, na Mwalimu, na Mzee Kanubhai. Miaka yote mnakunywa chai kwenye vikombe anavyoviosha."

"Anasema mpeni Yakobo shikamoo yake," ilisema spika. "Anachomaanisha ni hicho hicho."

Luhende hakuwa mtu mbaya katika mambo yasiyogharimu kitu. Maneno yale yalimwingia. Alisimama, akavua kofia, akawapa ishara wenzake nao wakasimama. Kisha akainua uso wake kuelekea spika.

"Shikamoo, mzee Yakobo," alisema, na machozi yakamlengalenga.

"Shikamoo, mzee," alisema Odeta kwa spika.

"Shikamoo, mzee wetu," alisema Kanubhai kwa spika, akigusa kifua.

Nyuma yao Yakobo alikuwa amenyanyuka kwenye ndoo. Hakuwa amepata muda wa kuukausha mkono. Aliuinua ukiwa umejaa povu, maji yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko, na midomo yake ikaliunda neno zima, silabi kwa silabi, bila kuharakisha.

Spika haikutafsiri. Ilimngoja amalize.

"Marahaba," ilisema.

Luhende alimpiga Kanubhai begani. "Unaona? Yupo! Mtu wa watu hafi."

"Hafi," alisema Kanubhai, akipangusa macho.

"Nimesisimka," alisema Odeta. "Tazama mkono wangu."

Wakautazama mkono wa Odeta. Kisha wakakaa, wakaagiza chai nyingine. Yakobo akaketi kwenye ndoo, akatoa vikombe majini, akavipangusa, akawapa.

Spika iliteremshwa Ijumaa. Luhende aliibeba kwapani kama jogoo wa zawadi, mbayuwayu wakizunguka juu ya kichwa chake, akaingia nayo kwenye bajaji.

"Mama Evelina," aliita, "Jumapili nitawatumia bajaji. Mje wote wawili. Nawawekea meza ya mbele."

"Anasema Jumapili atawatumia bajaji," ilisema spika kwapani. "Anachomaanisha ni..."

Dereva akawasha injini. Sabina hakuhitaji iliyobaki.

Hata hivyo Jumapili walivaa. Yakobo alifunga kitambaa cha buluu ambacho Ishrat alikileta asubuhi, kipya, kimepigwa pasi. Walikaa mbele ya banda, yeye kwenye ndoo na Sabina kwenye lile benchi, ambalo tangu Ijumaa lilikuwa tupu kwa sababu wale watatu walihamia Nyakato. Ndani mafundi walikuwa wakifunga runinga. Bajaji nyingi zilipita.

Nyakato ni mbali kutoka Igogo, lakini jua lilipoanza kushuka upepo uligeuka na sauti ikafika, ndogo na safi.

"Anasema wanamkumbuka sana Yakobo. Anachomaanisha ni hiki..."

Kilichofuata kilifunikwa na kicheko cha watu wengi, na makofi, na mtu aliyepiga kelele kwamba irudie.

Yakobo alisikiliza mpaka upepo ukageuka tena. Kisha akaukausha mkono wake wa kulia kwenye suruali, ingawa haukuwa na maji.

"Tuingie ndani," alisema Sabina.

Alingoja kidogo, kwa mazoea. Hakuna aliyetafsiri. Yakobo akainuka, akaichukua ndoo, akamfuata.