Ubongo Mdogo

Ulimi hauna mfupa, sawa, lakini wangu siku ile ulikuwa na akili zake timamu. Nasema hivi kwa sababu wenzangu wa maabara wamekuwa wakinipoza, eti Gervas, uliteleza tu, mambo ya kitaalamu yana maneno magumu. Sikuteleza. Niliona, nikanyamaza.

Kazi yetu hapa Morogoro ni kuchora ramani ya protini za ubongo. Unachukua ubongo wa marehemu, unaukata sehemu kwa sehemu, kila sehemu unaisaga, protini zake unazikatakata kwa dawa, halafu unazipuliza ndani ya mashine inayopima uzito wa vipande hivyo kimoja kimoja. Ikishapima, inakwambia protini gani iko wapi, na kwa kiasi gani. Tunataka kujua kwa nini wazee wengine wanasahau. Ni kazi nzuri, siikani.

Mwalimu Mikaeli wa Matombo alisahau kwa miaka minne. Nusu ya kijiji walijua kusoma kwa sababu yake, lakini mwishoni akawa anamwita dada yake kwa jina la mama yao. Alipofia hospitali huku mjini, Daktari Irene, mkuu wetu, akanituma nikaombe ridhaa, maana mimi ni Mluguru. Alitaka nimwendee mke. Nikamwambia hapana, kwetu maiti ni ya ukoo wa mama, mwenye neno ni dada. Nilijiona bingwa wa mila, kumbe nilikuwa najichimbia shimo.

Dada ndiye Bibi Josephina. Nilimkuta kwenye benchi nje ya mochwari, nikamwamkia, nikampa pole, nikaanza kumsomea fomu: ubongo mkubwa, ubongo mdogo, shina la ubongo. Ndivyo wataalamu wanavyoita. Ubongo mdogo ni ile sehemu ya kisogoni, chini ya ule mkubwa. Katika yote niliyosoma, yeye alishika hilo moja.

"Kama ni mdogo, chukueni," akasema. "Mwalimu hakuwa mchoyo."

Akatia dole gumba. Nilijua amesikia ubongo kidogo, kijipande tu. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini saa tano zilikuwa zimeshapita tangu Mwalimu akate roho, na protini haimngoji mtu, inaharibika. Nikajisemea nitamweleza baadaye. Hiyo baadaye haikufika, na aibu yake nimeibeba mwaka mzima.

Ubongo wa Mwalimu tuliugawa sehemu thelathini na mbili. Ramani yake imetoka vizuri kuliko zote, Daktari Irene ameibandika ukutani na rangi zake. Nikipita pale natazama chini.

Jumatatu hii Bibi Josephina akatokea maabara na mkungu wa ndizi, mdalasini kwenye karatasi, na kasha la mninga. Kasha lenyewe halikuzidi kiberiti. Alitengenezewa na fundi wa Matombo kwa kipimo alichompa yeye mwenyewe. Akanieleza kwamba Jumamosi ukoo unajengea kaburi, na kabla halijafungwa kwa saruji amekuja kuchukua kile kidogo, ili ndugu yake alale akiwa kamili.

Nikaenda kwenye friza. Karibu ubongo wote ulikuwa umeishia kwenye mashine. Kilichobaki ni kichupa kimoja chenye unga kiasi cha kucha, na nilipogeuza lebo nikasoma: ubongo mdogo. Jamani, hata shetani asingenirahisishia hivyo. Ningempa, neno langu lingegeuka kweli, na mambo yangeisha.

Nikampa. Kichupa kikaenea kashani barabara. Bibi akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kumtunzia. Akasema msibani wajomba walimsakama sana, kwa nini amekubali mtu wao akatwe, naye akawaapia kwa jina la Bikira Maria kwamba ni kidogo tu. Wakamwamini, maana hajawahi kuwadanganya.

Hapo nikashindwa.

"Bibi, haukuwa kidogo," nikasema. "Tulichukua ubongo wote. Hicho ndicho kilichobaki."

Akalifungua kasha, akakitazama kichupa, akalifunga tena.

"Siku ile ulijua kwamba sijaelewa?"

"Nilijua."

Nilipiga magoti palepale sakafuni nikamwomba radhi. Hakuniambia niinuke, wala hakunilaani, na ningeshukuru kama angenilaani. Aliniuliza tu kama Jumamosi nina kazi. Nikasema sina.

"Basi utakuja," akasema. "Mimi niliwaapia ni kidogo. Wewe utasimama kaburini uwaambie ni wote. Sema nikusikie."

"Ni wote."

"Wajomba wawili hawasikii vizuri. Sema tena."

Nikasema tena, kwa sauti, mpaka Daktari Irene akachungulia mlangoni. Bibi akaniwekea kasha kiganjani, akasema nitalibeba mimi mwenyewe hadi Matombo, yeye haliwezi. Ndizi na mdalasini akaviacha mezani, akaondoka.

Halina uzito hata kidogo. Liko hapa mbele yangu, na Jumamosi ni kesho.