Ghorofa Haipiti Mlangoni

Basi Fundi Seremala na familia yake walikuwa wanaishi ghorofani, ila ghorofa yenyewe ilikuwa ndani ya chumba kimoja. Ukiingia mlangoni umefika sebuleni, ukipiga hatua uko jikoni, ukigeuka vibaya umemkalia Bibi miguuni.

Ghorofa ni jina tu. Ilikuwa fenicha moja kubwa aliyoitengeneza Fundi mwenyewe, ukuta mpaka ukuta. Juu wanalala watoto, katikati madroo, ubavuni ubao wa kushusha ukawa meza, na yeye na mkewe godoro lao linatandikwa chini ya meza. Kitanda cha chini kabisa ni cha Bibi, mama yake mzazi.

Bibi miguu ilishamgomea. Ndiyo maana Fundi alimwekea mshikio wa mti ubavuni mwa kitanda, pale pale mkono wake unapofika. Kila asubuhi anaushika, anavuta, anakaa, anasimama. "Injini imewaka!" anatangaza. Alishawaambia kabisa: "Siku mtakayoninyanyua kama gunia, mjue nimekwisha."

Kosa lilikuwa moja. Ghorofa ilijengwa humo humo ndani, kwa gundi, bila skrubu hata moja. Wakati ule mkewe aliuliza, "Baba watoto, hii itatokaje?"

Fundi akacheka. "Itoke iende wapi?"

Sasa mwenye nyumba anataka chumba afanye duka, na siku ya kutoka imefika. Wamepata kingine mwisho wa mtaa, kidogo kuliko hiki. Fundi akasukuma Ghorofa, akailaza, akaisimamisha, akang'oa mlango na fremu yake. Mwisho ikakwama pale mlangoni, nusu ndani nusu nje, na Bibi yuko ndani kwenye stuli.

"Fundi," akaita jirani mshona viatu, "umemfungia mzazi kwenye kabati?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo, jasho linamtiririka mpaka machoni.

"Mama, uko salama?"

"Nipo. Kwani naweza kwenda wapi?" Halafu sauti ya Bibi ikashuka. "Kata, mwanangu."

"Mama, nikikata..."

"Nimesema kata. Nataka kwenda msalani."

Akachukua msumeno. Mbao alizozipiga randa mwenyewe zikapasuka vibaya, kule kwenye gundi zikatoka vipande vipande. Mkewe akawa anaokota madroo moja moja, na hilo lilimuuma Fundi kuliko lawama. Mshikio tu ndio ulitoka mzima. Akauchomeka kwenye mkanda wa suruali kama askari na rungu lake.

Chumba kipya kuta zake ni za ubao mwembamba, jirani akipiga chafya unamwitikia. Bibi akafika akijikongoja mwenyewe, akatandikiwa godoro pembeni. Fundi akatafuta pa kukazia mshikio, akagonga huku, akagonga kule, kote kunalia tupu kama debe. Akakaza hivyo hivyo kwa misumari.

"Jaribu, Mama."

Bibi akashika, akavuta. Mshikio ukatoka na kipande cha ukuta. Kwenye tundu likatokea jicho.

"Siku hizi hodi inapigwa hivyo?" akauliza jirani mpya.

Safari hii hakucheka mtu. Bibi alikuwa amelala chali, mshikio kifuani, na misumari yake bado imening'inia.

"Nitasimamisha nguzo," Fundi akasema.

"Utaisimamisha wapi?" mkewe akamuuliza taratibu.

Fundi akaangalia. Kati ya godoro na jiko hapakuwa hata na pa kutua mguu.

Asubuhi aliamka mapema, akabaki kajilaza, macho kwenye dari. Alimsikia Bibi anapapasa ukutani, anaacha, anapapasa tena. Akitaka kwenda kumsaidia, anakumbuka gunia. Asipokwenda, mama yake yuko pale chini.

"Fundi," Bibi akaita mwishowe. Hajawahi kumwita hivyo, siku zote ni mwanangu. "Njoo na mikono yako."

Akaenda. Alimwinua, na Bibi akageuzia uso ukutani, kwenye lile tundu.